Umefikia Kwa Nani?

Dereva wa bajaji aliyenipakia stendi ya Moshi alisubiri nikae, begi likae, ndipo akauliza: "Umefikia kwa nani, kaka?"

"Sijafikia kwa mtu. Nimekuja kutembea tu."

Akanitazama kwenye kioo. "Kuna msiba?"

"Hamna."

"Una kesi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Tulifika gesti akiwa bado ananichungulia, na nadhani mpaka leo anaamini nilikuwa namkimbia mtu Dar.

Simlaumu. Mtu wa Dar hupanda Moshi kwa sababu zinazoeleweka: Desemba, Wachaga wanaporudi kwao na tiketi za basi zinakuwa za kugombania, harusi, msiba, posa, mgonjwa aliyelazwa KCMC. Wapo wanaokuja kupanda mlima, lakini hao unawajua kwa mabegi na viatu vyao. Mimi nilikuja na begi dogo la mgongoni, mwavuli, na likizo ya katikati ya Aprili ambayo hakuna mwingine ofisini aliyeitaka. Sina ndugu Moshi. Sina hata shemeji.

Nilikuja kuuona mlima. Nina miaka 41, nimezaliwa nchi hii na kukulia humu humu, na nilikuwa sijawahi kuuona Kilimanjaro kwa macho yangu. Wakenya wakianza uchokozi wao mtandaoni kwamba mlima ni wa kwao, mimi huwa mstari wa mbele kujibu, kwa herufi kubwa. Mwaka jana mmoja wao akaniuliza, kwa upole kabisa, "Wewe umeshauona?" Nikazima data.

Najua, Aprili ni masika. Niliambiwa na mke wangu, nikaambiwa na kondakta, nikaambiwa na mtoto wa dada yangu ambaye ana miaka kumi. Hoja yangu ilikuwa kwamba mvua naijua. Nimeishi nayo Tabata. Mvua ya Dar inakuja kwa hasira, Jangwani panajaa, barabara inafungwa, watu wanalala njiani, kisha saa nane mchana jua linatoka kama vile hakuna lililotokea. Nikapiga hesabu: itanyesha asubuhi, itamaliza hasira zake, mawingu yatafunguka, mlima huo hapo.

Mvua ya Moshi haina hasira, ndugu zangu. Hiyo ina subira. Inaanza rasharasha, unasema hii si kitu, unaendelea na safari yako, na baada ya robo saa unagundua umelowa mpaka kwenye soksi bila kukumbuka ni saa ngapi hasa ulilowa. Inapusa kidogo ili utoke ndani. Ukishatoka, inarudi.

Gesti nilikofikia sitaitaja. Kibao cha nje kilisema maji ya moto saa 24, na mimi sina ugomvi na kibao. Ugomvi wangu ni kwamba umeme ulikatika saa moja jioni na ukarudi kesho yake saa nne asubuhi, na hita inatumia umeme. Usiku huo dari likaanza kudondosha kwenye kona ya kitanda, upande wa miguu. Nikashuka mapokezi na tochi ya simu. Dada wa zamu, mpole, kajifunika kanga mbili, akanisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani akatoka na ndoo. "Pole kaka. Chumba kingine kipo, ila hicho kinavuja upande wa kichwa." Nikarudi na ndoo yangu. Shilingi 35,000 kwa usiku, chai ndani.

Siku ya kwanza nzima niliishia kusimama dirishani. Upande ambao mlima unatakiwa kuwepo palikuwa na ukuta wa kijivu. Hakukuwa na hata dalili. Ungeweza kumwambia mgeni asiyejua kwamba nyuma ya pale ni bahari, akakubali.

Siku ya pili mvua ikakata kama saa tatu hivi. Nikatoka mbio. Kwa kuwa mlima haupo, nikaamua kwenda stesheni ya reli, kwa sababu ya kijinga kidogo. Nilipokuwa mtoto, bibi yangu wa Korogwe alikuwa akitusimulia habari za garimoshi, na mimi kwa miaka mingi niliamini garimoshi linaitwa hivyo kwa sababu ni gari la kwenda Moshi. Hakuna aliyenisahihisha. Na kwa kweli sikuwa mbali sana: reli ile ile iliyopita Korogwe, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ilifika Moshi mwaka 1911 na ikakaa hapo miaka mingi kabla ya kusogezwa Arusha mwaka 1929. Kwa hiyo kuna kizazi kizima ambacho ukipanda garimoshi Tanga na ukasinzia, unaamkia Moshi. Baadaye treni za abiria zikafa kwa zaidi ya miaka 20, zikarudi Desemba 2019.

Asubuhi hiyo stesheni ilikuwa imelala. Mlinzi aliniruhusu nisimame kidogo nitazame reli zinavyopotelea kwenye majani. "Unasubiri mtu?" akaniuliza. Nikasema hapana. "Umefikia kwa nani?"

Nikaaga.

Nilikuwa narudi zangu kuelekea Mnara wa Saa, bado sijafika, mvua ikanikuta. Hii haikuwa rasharasha. Niliisikia kabla ya kuiona, kwenye mabati ya nyumba za nyuma yangu, inakuja kama watu wanaokimbia. Nikafungua mwavuli. Upepo ukatokea upande wa barabara kubwa, ukauingia kwa chini, ukaugeuza kama sahani. Nikahangaika nao nikiwa katikati ya barabara, pikipiki zinanipigia honi, mpaka nikasikia kitambaa kinachanika kutoka kwenye ubavu mmoja. Nikakimbilia baraza la kwanza nililoliona.

Kama umepita Moshi mjini unayajua mabaraza yale. Maduka ya zamani ya Wahindi, ukuta mnene, paa limetokeza mbele mpaka karibu na barabara, na chini yake mafundi cherehani wamejipanga, kila mmoja na cherehani yake na kiti chake cha wateja. Nilisimama nikitiririka. Tayari kulikuwa na watu: fundi wa makamo mwenye futi shingoni, mama mmoja amekalia ndoo iliyopinduliwa na mikungu miwili ya ndizi miguuni, kijana wa bodaboda aliyeiingiza pikipiki yake nusu barazani, machinga na mzigo wake wa mikanda na soksi, na wanafunzi wawili wa kike waliokuwa wakila miwa.

"Sogea ndani baba, hapo unadondokewa," mama akasema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Simu yako iko wapi?"

Ilikuwa mfuko wa suruali, na suruali ilikuwa maji. Nikaitoa. Hapa naomba nitoe la moyoni. Naunga mkono marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019. Mitaro imepumua, ng'ombe wamepumua. Lakini kabla ya siku hiyo kila Mtanzania alikuwa na rambo mfukoni, na rambo ilikuwa kofia, ilikuwa koti, ilikuwa kasha la simu, ilikuwa soksi ya kuvalia ndani ya kiatu kilichotoboka. Hii mifuko mbadala tuliyopewa ukiivaa kichwani kwenye mvua ya Moshi inakunywa maji pamoja na wewe. Nilitamani rambo siku ile kama mtu anavyomtamani marehemu.

Fundi, bila kuinuka, akavuta droo ya cherehani, akatoa kile kinailoni kinachofungiwa shati jipya dukani, akanirushia. "Weka humo. Usiiwashe kwanza."

Nikageuka kwa mwenye duka, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono kifuani, nikamsalimia kwa furaha ya mtu aliyeokolewa: "Mangi, habari za leo!"

"Nzuri. Ila mimi ni wa Singida."

Baraza zima likacheka, hata wanafunzi. Dar tumezoea: muuza duka ni Mangi, awe ametoka Rombo au Ruvuma. Tumelichukua jina la watawala wa Kichaga tukalibandika kwenye sukari ya kupima na vocha. Na pale niliposimama hapakuwa mbali na Old Moshi, kwa Mangi Meli, ambaye Wajerumani walimnyonga Machi 1900 pamoja na wenzake. Yule fundi ndiye aliyelitaja jina hilo, katika kunitetea. "Mwacheni," akasema, "angalau kasalimia. Siku hizi hata kwa Meli wenyewe watu hawasalimiani."

Mvua ikazidi. Ikafika ile hali ambayo hamsikilizani mpaka mpaze sauti, kisha mnaacha kupaza, mnakaa tu mkitazama barabara. Mtaro wa mbele yetu ukajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Yalikuwa yamebeba majani ya mgomba, kandambili moja ya bluu, machicha ya miwa, na mara likapita ganda zima la mgomba limejikunja kama mtumbwi. Mama akaliangalia likipita.

"Hilo limetoka kwetu."

"Kwenu wapi, mama?"

"Uru." Akaelekeza kidevu kule kwenye ukuta wa kijivu. "Hapa mnanyeshewa matone. Juu kule ndiyo kuna mvua."

Nilidhani anajisifia. Baadaye nilisoma nikakuta yuko sahihi kuliko alivyosema. Moshi mjini, chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hupata kama milimita 900 za mvua kwa mwaka. Ukipandisha upande huu wa kusini, ukavuka vihamba, yale mashamba ya ukoo ya Wachaga yanayozunguka nyumba zao, na ukaingia msituni, inapita 2,000. Kisha ukizidi kupanda inaanza kupungua tena, mpaka huko kileleni, mita 5,895, ambako haifiki hata 200. Yaani watu wanalipa mamilioni kwenda kusimama na makoti mazito kwenye jangwa, na maji yote wameyaacha kwa mama wa Uru.

Na kinachoileta mvua hiyo ndicho kilichonichekesha. Ni kusi. Upepo ule ule unaotuchafulia bahari Dar kuanzia Aprili, unatoka baharini umebeba unyevu, unasafiri bara mpaka unaukuta mlima umekaa njiani. Hauna pa kupita isipokuwa juu. Ukipanda unapoa, ukipoa unashusha ulichobeba, hapo hapo, kwenye mashamba ya Uru na Kibosho na Old Moshi. Ng'ambo ya pili, kaskazini, hufika umeshaishiwa. Kwa hiyo mimi nilitoka Dar, na mvua ikaja nyuma yangu kwa njia yake, bila nauli.

Haya yote siku ile sikuyajua. Nilichojua ni kwamba nina baridi. Watu husema Moshi kuna joto, na Mchaga wa juu kabisa atakuambia mjini ni kuzimu. Lakini mtu wa Tabata aliyelowa chapachapa, amesimama kwenye upepo, meno yanagongana. Mama akaniona. Hakusema kitu. Alikuwa na kanga ya pili aliyotandika juu ya mikungu, akaivuta akanipa. Nikajifunika mabegani na nikaona yule kijana wa bodaboda anajizuia kucheka.

"Haya sasa," mama akasema, "umefikia kwa nani?"

Ningeweza kudanganya. Nilishaanza kufikiria kumtunga mjomba. Nikasema tu, "Gesti, mama. Sina mtu hapa. Nilikuja kuuona mlima."

Kimya. Machinga akacheka kwa pua.

"Aprili?" fundi akauliza.

"Aprili."

"Na ulitaka uuone saa ngapi?"

"Saa yoyote."

Akatikisa kichwa kama daktari. Mlima, akanieleza, huonekana alfajiri, na tena jioni kabla jua halijazama, katika miezi ya kawaida. Mchana hujifunika hata Januari. Masika unaweza kukaa wiki usiuone, na yeye aliyezaliwa hapo huwa hata haukumbuki mpaka mgeni auulizie. "Kama vile wewe na bahari," akasema. "Mara ya mwisho kwenda baharini lini?"

Ilikuwa Idi ya mwaka juzi. Sikumjibu.

"Lete huo mwavuli."

Akaugeuza kichwachini, akaukandamiza kwenye magoti, akaanza kuzihesabu mbavu kwa kidole kama mtu anayehesabu mbavu za mbuzi. Mbavu nane. Moja ilikuwa imepinda. Akaishika kwa koleo dogo la kubania zipu, akainyoosha polepole, akaitazama kwa jicho moja, akainyoosha tena. Kwenye ncha ya kila ubavu kuna kitundu, na kitambaa hushonewa hapo kwa nyuzi chache tu, ndizo zilizokatika. Akachukua sindano ya mkono. Uzi uliokuwepo kwenye kichwa cha cherehani ulikuwa mwekundu, wa kitenge cha mtu. Mwavuli wangu ni mweusi.

"Mweusi upo kwenye droo," akasema, "ila umeme hakuna, na mimi sina macho ya kutunga uzi mara mbili kwenye giza hili. Utavaa mwekundu."

Akaukata uzi kwa meno, akautia mate, akaukosa mara mbili, mwanafunzi mmoja akaweka muwa chini akamtungia. Kisha akashona. Alipitisha sindano kwenye kitambaa, akaitia kwenye kitundu, akaizungusha, akarudi, mara sita au saba, akafunga fundo dogo gumu na kulibana kwa kucha ya dole gumba. Akaujaribu mwavuli kwa kuufungua ghafla mle barazani, na mama akamkemea kwamba atawatoboa watu macho. Akauona ubavu wa pili nao unalegea, akaushona. Na wa tatu. "Huu wa Kariakoo," akasema, kwa dharau. Nami nikashindwa kukana, maana ni kweli.

Nikampa elfu mbili. Akachukua elfu moja.

Tulikaa pale kwa muda wa karibu saa mbili. Nimejaribu kukumbuka tuliongea nini muda wote huo na vinanijia vipande tu. Bei ya ndizi za mshare sokoni. Kwamba mama alikuwa amewapelekea wateja wake ndizi, na hiyo mikungu miwili ilirudi kwa sababu mteja hakupokea simu. Kwamba mahindi na maharage ya shamba la tambarare yameota vizuri mwaka huu, kama maji hayatayabeba. Mabishano marefu sana, ambayo sikuyaelewa, kuhusu nani alistahili kurithi kihamba cha mtu fulani ambaye wote walimjua. Kila mmoja alinigeukia kwa zamu kunieleza upande wake, na kila mmoja alinishawishi.

Mara akaja mtu mwingine anakimbia, amejifunika boksi kichwani, akajibanza kati yangu na pikipiki. Akapangusa uso. Akaniangalia: mwanamume mzima, kanga ya mama begani, raba nyeupe za mjini zimegeuka kahawia.

"Huyu mgeni kafikia kwa nani?"

Nikafungua mdomo. Fundi alikuwa ameinamia kitenge chake, mguu kwenye kanyagio, wala hakuinua kichwa.

"Hapa," akasema.

Ilipopungua ikawa rasharasha, watu wakaanza kuchomoka mmoja mmoja. Mama akaidai kanga yake, akaikamua, akaitia kwenye ndoo. Akakata ndizi tano za kisukari kutoka kwenye mkungu mdogo akaniwekea kwenye mkoba, nikataka kulipa, akanifanya kama hasikii. Kijana wa bodaboda akanipeleka mahali wanapouza mtori, akaniambia niseme nataka wa nyama ya mbavu. Niliunywa wa moto mpaka ulimi ukaungua, nikaagiza mwingine. Kama kuna chakula kilichotungwa kwa ajili ya mtu aliyelowa, ni ndizi zilizopondwa na supu ya nyama. Sina zaidi la kusema kuhusu hilo.

Siku mbili zilizobaki zilikwenda haraka. Nilipita nje ya jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1933, nikanywa kahawa ya mlima huo huo nisiouona. Ndoo ya chumbani nilishajua ijae kiasi gani ndipo niimwage. Nilipita tena barazani kwa fundi mara mbili. Mara ya kwanza hakuwepo, mara ya pili alikuwa na wateja, tukapungiana mkono.

Asubuhi ya kuondoka nilichagua siti ya dirishani, upande ambao mpiga debe aliniapia kwamba ndio wa mlima. Tulitoka Moshi kukiwa hakujapambazuka vizuri. Nikapangusa kioo kwa mkono wa shati mpaka Himo. Kijivu. Baada ya Himo nikaacha kupangusa.

Jambo moja ambalo mtu hakuambii ni jinsi mvua ile inavyoishia ghafla. Kufika mji wa Mwanga, ukungu ukaanza kukatika. Tulipofika Same ardhi ilikuwa kavu, vumbi linanyanyuka nyuma ya mbuzi, na milima ya Upare imesimama wazi kabisa, kila korongo unaliona. Abiria wakaanza kuvua masweta. Mimi nilikuwa na raba mbichi miguuni na mwavuli uliokuwa unadondosha tone moja moja kwenye kiatu cha jirani yangu, mzee mwenye baraghashia, ambaye alivumilia kutoka Moshi bila kusema neno.

Basi liliposimama ili watu wale chakula, Korogwe, kwa bibi, jua lilikuwa la utosi. Nikatoka nao nje. Nikaufungua ule mwavuli na kuuweka chini kwenye changarawe, pembeni ya basi, ukauke. Watu walipita wakitazama mbingu, kisha wakiutazama mwavuli. Yule mzee akaja akasimama karibu, mahindi ya kuchoma mkononi, akainama, akaugusa ubavu mmoja kwa kidole.

"Nani kakushonea kwa uzi mwekundu?"

"Fundi mmoja, Moshi."

"Ndugu yako?"

Honi ya basi ikalia. Nikaukunja mwavuli, bado ulikuwa na maji kidogo kwenye mikunjo, tukapanda.